Kuisoma Katana ya Kale Kipande kwa Kipande

Upanga wa Kijapani wa zamani hushikiliwa na kijiti kimoja cha mwanzi. Kijiti hicho huitwa mekugi, nacho hupenya mpini upande hadi upande kupitia tundu lililotobolewa kwenye mkia wa bapa. Kikishasukumwa kikatoka, upanga husimamishwa ncha ikiwa juu, mpini katika mkono wa kushoto, kisha mkono huo hupigwa ngumi nyepesi kwa ule wa kulia mpaka bapa lilegee. Likitoka, hufuatwa na washa mbili, kikingio cha mkono na pete ya shaba. Hakuna skrubu, hakuna ribiti, wala gundi inayoshika bapa.

Kwa kuwa kila kipande kinatoka, kila kipande kinaweza kubadilishwa, na kwa karne kadhaa vilibadilishwa kweli. Bapa lililofuliwa miaka ya 1400 linaweza kukutwa na kikingio cha miaka ya 1600, mpini uliosukwa upya miaka ya 1700 na ala iliyopakwa rangi karibu na 1850, wala hapo hakuna aliyemdanganya mtu. Bapa lilirithiwa. Mavazi yake, yaani koshirae, yalifuata cheo cha mwenye nalo, mitindo ya mjini na uzito wa mfuko. Kukisia umri wa upanga kwa kutazama nakshi za kikingio ni sawa na kukisia umri wa mtu kwa kanzu aliyovaa. Kosa hilo huumiza pande zote mbili: wapo wanaolipa pesa nyingi kwa bapa la kawaida kwa sababu ya dhahabu ya mpinini, na wapo wanaolipita bapa la thamani kwa kuwa limo ndani ya ala ya kijeshi ya miaka ya 1940 iliyochakaa. Maofisa wa Japani katika Vita Kuu ya Pili walikuwa na ruhusa ya kubeba mapanga ya ukoo yaliyovalishwa mavazi ya jeshi, na mabapa mengi ya kale yalipita vitani hivyo.

Bapa lenyewe

Feleji yake, tamahagane, hutoka kwenye tanuri la udongo liitwalo tatara. Mchanga wa chuma na mkaa hutiwa kwa zamu kwa siku tatu, usiku na mchana, kisha tanuri hubomolewa ili kutoa bonge zito lililojikusanya chini. Tatara moja ya namna hii ingali ikiwashwa katika mkoa wa Shimane. Iliwashwa upya mwaka 1977 na Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai, chama cha kuhifadhi mapanga ya sanaa kilichoanzishwa mwaka 1948. Sehemu tu ya bonge ndiyo inayofaa upanga, nayo huwa na kaboni ya takribani asilimia 1 hadi 1.5. Mhunzi huivunja, hutazama mpasuko wa kila kipande, na huchagua kwa jicho.

Hapa ndipo ilipozaliwa hadithi ya chuma kilichokunjwa mara elfu. Idadi ya makunjo imechanganywa na idadi ya matabaka. Kila kunjo huzidisha matabaka mara mbili: makunjo 10 hutoa matabaka 1,024, na makunjo 13 hutoa 8,192. Wahunzi wengi huishia kati ya makunjo 10 na 15. Kufua huku hukamua takataka na kusambaza kaboni sawasawa, lakini kila mara chuma kirudipo motoni kaboni kidogo huungua. Bapa likikamilika huwa limebakiwa na asilimia 0.6 au 0.7 hivi. Mhunzi atakayeng'ang'ania kukunja atabaki na chuma laini kisichoshika makali.

Kabla ya kutoswa majini, bapa hupakwa udongo uliochanganywa na unga wa mkaa na wa mawe, mnene mgongoni na mwembamba kwenye makali. Hupashwa moto gizani, ili rangi ya chuma ionekane vizuri, hadi karibu nyuzi 750 au 800 za Selsiasi. Likizama majini, makali hupoa papo hapo na kuwa magumu, ilhali mgongo hupoa taratibu na kubaki na ustahimilivu. Chuma kilichogandishwa ghafla hutanuka kuliko kile kilichopoa polepole, kwa hiyo upande wa makali husukuma na bapa hujipinda kuelekea mgongoni. Sehemu kubwa ya mpindo wa katana huzaliwa katika sekunde hizo chache. Chuma kikiwa na moto uliozidi, au maji yakiwa baridi mno, hutokea ufa mwembamba unaokata makali kwa kukingama. Ufa huo huitwa hagire, hauna tiba, na huondoa karibu thamani yote. Wakati mwingine ni mwembamba kama unywele, hivyo makali hukaguliwa yote chini ya taa, sentimita kwa sentimita.

Mpaka kati ya chuma kigumu na kile laini huonekana kama mstari mweupe wa ukungu, hamoni. Umbo lake hutokana na jinsi udongo ulivyopakwa, na kila jimbo lilikuwa na mkono wake. Wahunzi wa kundi la Ichimonji wa jimbo la Bizen, katika karne ya 13, walipenda mstari wenye vichwa vya duara juu ya vikonyo vyembamba, vilivyosongamana. Umbo hilo huitwa choji, yaani karafuu, na mtu wa Pemba hahitaji kuonyeshwa mara mbili kwa nini. Hamoni ya kweli imo ndani ya chuma. Zile za kuchorwa kwa asidi au kusuguliwa kwa brashi hukaa juu tu, na ukigeuzageuza bapa chini ya balbu moja, huoni vile vichembe vinavyometameta mpakani.

Mkia wa bapa, nakago, haung'arishwi kamwe. Kutu yake nyeusi ya kahawia ndiyo kitambulisho cha umri, pamoja na alama za tupa, sahihi ya mhunzi na idadi ya matundu. Matundu mawili au matatu mara nyingi humaanisha bapa lilikatwa kwa upande wa mkia ili kulifupisha, na huenda sahihi ilikwenda na kipande kilichokatwa. Mtu anayeusugua mkia kwa msasa ili upanga uonekane safi hufuta ushahidi wa miaka mia tano kwa dakika kumi. Sahihi nayo isomwe kwa mashaka: majina makubwa yalighushiwa tangu zamani, na bapa lisilo na sahihi mara nyingi ni bora kuliko lenye sahihi ya uongo.

Urefu hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi pengo la mgongoni pale mkia unapoanza. Chini ya sentimita 30.3 ni tanto, hadi 60.6 ni wakizashi. Kuzidi hapo ni katana, au tachi ikiwa ni ule wa zamani zaidi uliotungikwa kiunoni makali yakitazama chini. Katana huchomekwa kwenye mshipi makali yakitazama juu. Kwa kawaida sahihi hukatwa upande unaotazama nje upanga ukivaliwa, na ndiyo sababu sahihi ya tachi na ya katana hukaa pande tofauti za mkia.

Pete na washa

Habaki ni pete ya shaba, pengine imefunikwa bati jembamba la dhahabu au fedha, inayokumbatia bapa mahali linapokutana na mpini. Imechongwa ikiwa na mteremko kidogo, hivyo hujikaza kwenye mdomo wa ala. Kwa sababu hiyo upanga hauchomoki wenyewe ukiinamishwa, na bapa huning'inia ndani ya ala bila kugusa mbao. Hiki ndicho kipande pekee cha metali kisichohama: hufuliwa juu ya bapa moja na hakikai sawasawa kwenye jingine. Ala ikilegea, dawa ni kubandika kipande chembamba cha mbao ndani ya mdomo wake. Kuigonga habaki kwa nyundo ili itanuke ni kuharibu.

Washa, seppa, hukaa mbele na nyuma ya kikingio. Ni vipande vidogo visivyotazamwa, lakini ndivyo vinavyoamua kama upanga utalialia mkononi. Unene wao hupimwa mpaka tundu la mpini na tundu la mkia vilingane kamili. Ukibadilisha kikingio kwa kingine chenye unene pungufu wa milimita moja, kila kitu hucheza, na hapo watu hushawishika kukaza kwa kugongomea mekugi nene. Matokeo yake ni mpini kupasuka.

Kikingio

Tsuba nyingi, yaani vikingio vya mkono, zina upana wa sentimita 6 hadi 8.5 na unene wa milimita 4 au 5. Katikati kuna tundu la pembetatu ndefu linalopitisha mkia. Pembeni yake huweza kuwapo matundu mengine mawili: lenye umbo la nusu mwezi hupitisha kisu kidogo, kozuka, na lenye mabonde matatu hupitisha kogai, kijiti cha metali cha kutengenezea nywele. Ukikuta matundu hayo yamezibwa kwa risasi au shaba nyeusi, jua kikingio kilihamishiwa upanga usiovihitaji. Makovu ya tindo kuzunguka tundu la katikati, na vipande vya shaba vilivyobanwa kwenye ncha zake, ni dalili za kulinganishwa na mkia fulani. Vyote hivi si kasoro. Tsuba inayodaiwa kuwa ya miaka 300 na tundu lake halina hata mkwaruzo ndiyo inayotaka maswali, ingawa zilikuwapo zilizotengenezwa kwa zawadi na hazikuvikwa upanga wowote.

Za zamani zaidi zilikuwa za chuma. Mafundi wa jimbo la Owari walikata maumbo ya kutoboka kwa ukali wa mistari unaoonekana wa kisasa hata leo; wale wa jimbo la Higo, akiwamo Hayashi Matashichi wa karne ya 17, walipenda chuma laini cha rangi ya zambarau iliyokolea. Kwenye ukingo wa baadhi ya tsuba za chuma huonekana vinundu vigumu, "mifupa ya chuma", ambavyo wapenzi wa fani hutafuta kwa kidole kabla ya jicho. Kutu jipya jekundu kwenye kazi hizi huondolewa kwa kipande cha mfupa au pembe na mafuta kidogo, kwa wiki au miezi. Brashi ya waya na siki huondoa kutu pamoja na ngozi ya chuma iliyochukua karne kutengenezeka.

Rangi zinazopikwa

Ufundi ulio mgumu kueleweka kwa picha umo katika metali za rangi. Nyeusi ile yenye mng'ao wa bluu, inayofanana na bawa la kunguru, haikupakwa. Ni shakudo: shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na dhahabu, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5. Ikitoka kwenye kalibu huonekana kama shaba tu. Shibuichi ni shaba na fedha, kwa kanuni robo fedha, ingawa karakana nyingi zilipunguza. Hutoa kijivu kinachoegemea kijani au kahawia.

Rangi hutokea kipande kinapopikwa. Kwanza uso husuguliwa kwa mkaa laini na unga mwembamba mpaka usiwe na alama, kisha husafishwa mafuta yote. Hutiwa kwenye rojo la figili nyeupe iliyokunwa, halafu moja kwa moja, bila kukauka, kwenye sufuria ya shaba yenye maji ya moto yaliyotiwa mrututu na rokusho, ambayo ni kutu ya kijani ya shaba. Hutikiswa bila kuachwa kutulia. Dakika chache, au karibu saa nzima, na shakudo huwa nyeusi, shibuichi kijivu, shaba tupu hudhurungi nyekundu, na dhahabu hubaki dhahabu. Kipande kimoja chenye metali nne huingia mara moja na kutoka na rangi nne, kila moja mahali pake. Alama moja ya kidole iliyosahaulika huacha doa, na fundi hukwangua kila kitu na kuanza upya.

Tabaka hilo la rangi ni jembamba mno. Dawa ya kung'arishia vyombo vya shaba huliondoa kwa kupangusa mara chache, na mwenye mali hubaki na kipande chekundu akidhani amegundua shaba iliyofichwa. Kinaweza kupikwa tena na fundi, lakini ncha za nakshi zitakuwa zimeshalainika. Kitambaa kikavu cha pamba kinatosha.

Juu ya shakudo mara nyingi kuna nanako: uso uliojaa vichembe kama mayai ya samaki, kila kimoja kimepigwa peke yake kwa tindo yenye ncha ya kikombe. Vichembe huwa chini ya milimita moja, safu kwa safu. Kimoja kikiyumba, safu zote zinazofuata hufuata kosa lake, na kwa hiyo palikuwa na mafundi waliofanya nanako tu maisha yao yote. Kwa kioo cha kukuzia, kazi ya mkono huonyesha vichembe vikali vyenye mabonde safi. Nakala ya kumimina huwa na vichembe butu na mabonde yaliyojaa.

Njumu nazo ni za aina kadhaa. Ipo inayolala sawa na uso, ipo inayoinuka kama sanamu ndogo, na ipo ya nunome, ambapo chuma huchanjwa mistari myembamba ya kupishana kisha bati la dhahabu hugandamizwa juu yake. Hii ya mwisho ni nafuu na huchakaa haraka. Dhahabu ikiondoka, ile michanjo hubaki ikionekana.

Kwa muda mrefu kilele cha kazi hii kilishikwa na ukoo wa Goto, ulioanzia kwa Goto Yujo (1440–1512), aliyemtumikia shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Ashikaga Yoshimasa. Kwa vizazi 17 walitengeneza seti za shakudo, nanako na dhahabu kwa watawala. Kazi yao ni ya adabu, na kusema kweli baada ya kuona seti ishirini za majoka na simba mtu huanza kupiga miayo. Yokoya Somin (1670–1733) aliachana na mkondo huo, akawafanyia kazi wateja wa mjini Edo, Tokyo ya leo, na akakata picha kwenye metali kwa tindo iliyoinamishwa upande mmoja, mstari ukinenepa na kukonda kama wa brashi ya wino. Mengi yaliyo hai katika karne ya 18 yanatoka kwake.

Mpini na ala

Mbao ya mpini na ya ala ni ya mti uitwao honoki, mwepesi, usio na utomvu wa kuletea chuma kutu. Hupasuliwa pande mbili, huchongwa ndani kwa kufuata bapa, kisha huunganishwa kwa gundi ya wali uliopondwa. Gundi hiyo ni dhaifu makusudi, ili ala iweze kupasuliwa tena, isafishwe ndani na kuunganishwa upya.

Mpini huvikwa ngozi ya samaki aina ya taa, yenye punje nyeupe ngumu, iliyoagizwa kutoka bahari za Asia ya Kusini-Mashariki. Kazi bora huzungusha ngozi nzima. Kazi ya bei nafuu huweka vipande viwili tu pembeni. Juu yake husokotwa utepe wa hariri wa takribani mita 4. Chini ya kila pindo huwekwa vipembe vidogo vya karatasi ili maumbo ya almasi yanayoachwa na utepe yasimame wima, na mapindo hupishana kulia na kushoto ili mvutano usawazike. Fundi asiyeweka karatasi hutoa mpini mzuri siku ya kwanza, kisha maumbo hayo hulala na utepe huanza kuteleza. Utepe unaosogea kidoleni ni sababu tosha ya kuusuka upya kabla ya mtu kuuinua upanga huo kwa nguvu.

Menuki, mapambo mawili yanayochungulia chini ya utepe, hufuliwa kutoka bati jembamba lililolazwa juu ya ulimbo wa msonobari, likisukumwa kutoka nyuma kisha kukatwa mbele. Ukilipindua, la kweli lina mgongo wenye mashimo yanayofuata umbo la mbele. La kumimina mara nyingi huwa zito, na mgongo wake butu. Mwanzo na mwisho wa mpini hufungwa na fuchi na kashira, ambavyo kwa kawaida ni jozi ya mkono mmoja. Kwa mavazi rasmi ya ngome ya Edo kashira ilikuwa ya pembe iliyopakwa rangi nyeusi, na ala nyeusi isiyo na pambo.

Rangi ya ala ni urushi, utomvu wa mti unaowasha ngozi vibaya ukiwa mbichi. Haukauki kwa jua: hukomaa kwa unyevu, hivyo ala huwekwa kwenye kabati lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 80 kati ya tabaka moja na jingine. Ukiharakishwa hukunjamana.

Amri ya 1876 iliyokataza raia kubeba mapanga iliwanyima mafundi hawa wateja karibu wote kwa mpigo. Kano Natsuo (1828–1898), mmoja wa mabingwa wa mwisho wa njumu, alikuwa ameshaajiriwa kabla ya hapo kuchora sarafu mpya za serikali. Wengine waligeukia vasi na masanduku ya kuuza nje. Maelfu ya tsuba yaling'olewa kwenye mapanga na kuuzwa Ulaya na Marekani, na kwa hiyo makumbusho ya London na Boston yana hazina kubwa ya vikingio visivyo na bapa. Hata leo, vyeti vya Nihon Bijutsu Token Hozon Kyokai hutolewa kwa bapa peke yake, kwa kipande cha pambo peke yake, au kwa koshirae nzima. Muuzaji anayeonyesha cheti cha bapa akitaja bei ya mavazi aulizwe cheti cha pili.

Kuhifadhi

Bapa halishikwi kwa vidole. Mafuta ya zamani hupanguswa kwa karatasi laini, kisha hupakwa tabaka jembamba la mafuta ya madini yaliyotiwa mafuta ya karafuu kidogo. Katika hewa kavu mara mbili au tatu kwa mwaka hutosha. Katika mji wa pwani wenye joto na chumvi, kagua kila mwezi. Mafuta mengi ni hatari kuliko machache, kwa kuwa humiminika kwenye ala, hushika vumbi, na vumbi hilo hukwaruza bapa kila linapochomolewa.

Bapa la thamani hukaa kwenye ala nyeupe ya honoki isiyopakwa rangi, shirasaya, inayopumua. Koshirae hukaa kando, ikiwa imevikwa bapa la mbao lililochongwa kwa umbo lile lile ili vipande visipotee wala kulegea. Wala usijaribu bapa katika ala ya upanga mwingine, hata kama urefu unalingana. Kila ala ilichongwa kwa mpindo wa bapa moja, na la pili litakwaruzwa mgongoni au litaikata ala kwa ndani kabla habaki haijafika mdomoni.